Geti, Viazi na Muda Wetu

Toleo hili limechelewa kwenda mtamboni kwa sababu ya ugomvi. Tuliwaomba wahakiki wetu jambo dogo tu: kila mmoja ataje filamu moja iliyompotezea muda, aseme sababu, alete makala kwa wakati. Makala zikaja, wenzao wakazisoma, na hapo ndipo moto ulipowaka. Filamu aliyoizika mmoja ilikuwa kipenzi cha mwenzake. Iliyomtoa huyu machozi ilimtia yule usingizi. Kuna aliyetishia kuiondoa makala yake isije ikakaa jirani na ya mtu asiyejua sinema. Tulijaribu kusuluhisha, tukachoka. Mtakayoyakuta humu yamechapwa yalivyo, mengine yakijibizana ukurasa kwa ukurasa, nami naona ni heri hivyo.

Tuanze na geti. Aliyekua na Bongo Movie za miaka ya 2000 na mwanzoni mwa 2010 hahitaji kuelezwa ni geti gani. Gari linafika nje ya nyumba ya kifahari. Honi. Mlinzi anatoka, anasukuma bawa la kwanza, anarudi kusukuma la pili. Gari linaingia, linatafuta mahali, linaegeshwa. Mlango unafunguka, kiatu kirefu kinashuka kwanza, kisha mkoba, kisha mwenye mkoba. Anabonyeza rimoti, gari linalia. Anapanda ngazi, moja baada ya moja, kinanda kikiendelea kupigwa nyuma yake. Anagonga. Dada wa kazi anafungua, wanasalimiana, anakaribishwa kiti, anaulizwa atakunywa nini. Juisi inakuja kwenye sinia. Mtazamaji ameangalia haya yote kwa uvumilivu, na alichopata kujua ni kwamba mgeni amefika.

Tulizoea kucheka na kusema waongozaji wetu hawajui kukata. Baadhi yao walijua vizuri sana. Filamu iliuzwa kwa diski, na hadithi moja ikagawanywa sehemu ya kwanza na ya pili, kila sehemu na kasha lake na bei yake. Hadithi iliyotosha diski moja ilibidi inyooshwe mpaka ijaze mbili. Soko lilikuwa mikononi mwa wasambazaji wachache wa Kariakoo. Mtayarishaji alilipwa kwa mkupuo, akapiga picha harakaharaka kwenye nyumba ya kukodi, na kila dakika ya kupanda ngazi ilikuwa dakika asiyohitaji kuiandikia maneno wala kumlipa mwigizaji wa ziada. Mnunuzi aliyefika mwisho wa diski ya kwanza akakuta neno "itaendelea" alikuwa anadaiwa nauli ya kurudi dukani. Aliposema wamempotezea muda, alikuwa akieleza biashara ilivyokwenda.

Hata hivyo mmoja wa waandishi wetu, humu humu, amelitetea geti, na utetezi wake umenikaa kichwani kuliko nilivyopenda. Anasema filamu zile hazikutengenezwa kwa mtu aliyekaa kimya gizani. Zilitazamwa sebuleni, mlango wazi, jirani akiingia na kutoka, mama akichambua mchele, dada akipiga pasi sare za shule. Geti lilipofunguliwa, sebule nayo ilifunguka: nyumba hii si ndiyo ile ya filamu ya juzi? Mapazia yale yanauzwa wapi? Huyu mwanamume simwamini, tangu mwanzo simwamini. Mtu aliweza kwenda jikoni kuangalia maharage na kurudi bila kupitwa na chochote. Kwa maelezo yake, geti lilikuwa nafasi waliyoachiwa watazamaji waongee.

Hoja hiyo ina ushahidi mwingine, nao unatoka kwenye mabanda ya video. Pale Dar es Salaam mtu kama Lufufu alijipatia jina kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana ma-VJ wao. Msimulizi mzuri haogopi kipande kilichopooza. Anakipenda. Pale ambapo Mmarekani au Mhindi ameacha kimya, yeye anatia shangazi, deni la duka, jina la mtaa, utani wa kabila kwa kabila. Adui anapewa tabia ya mjumbe wa nyumba kumi. Basi wawili wakibishana juu ya filamu ileile ya karate, mmoja akisema ilikuwa balaa na mwingine akisema alisinzia, tuwaulize kwanza nani aliisikia na nani aliitazama tu. Huenda hawazungumzii filamu moja.

Sasa twende Brussels. Mwaka 1975 Chantal Akerman, akiwa bado kijana, alitoa filamu yenye jina refu kama anwani ya barua, kwa sababu ni anwani ya barua: Jeanne Dielman, 23 quai du Commerce, 1080 Bruxelles. Inachukua saa tatu na dakika ishirini na moja. Mjane anatandika kitanda, anaosha vyombo, anapika, anamhudumia mwanawe, na mchana anapokea wanaume wanaomlipa. Tunamwona siku tatu. Anamenya viazi, na kamera haisogei mpaka amalize kumenya viazi. Mwaka 2022 jarida la Sight and Sound la Uingereza, ambalo kila miaka kumi hukusanya kura za wahakiki wa dunia, lilitangaza kwamba hiyo ndiyo filamu bora kupita zote. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa. Paul Schrader, aliyeandika Taxi Driver, alilalamika hadharani kwamba kura imepinda, ingawa filamu yenyewe anaiheshimu. Wengine walisema kwa kifupi zaidi: saa tatu za viazi.

Mhakiki wetu wa ukurasa wa tisa yuko upande wa hao wa mwisho, na anauliza swali la haki kabisa. Kama mjane wa Brussels akimenya viazi ni sanaa, mlinzi wa Mbezi, Dar es Salaam, akifungua geti ni nini? Au kinachotukuzwa ni Ulaya?

Hapa nina msimamo, na sitaki kujificha nyuma ya kiti cha mhariri. Filamu yoyote inamkopa mtazamaji muda, na ugomvi wetu wote ni kama deni limelipwa au halikulipwa. Akerman anakopa sana, anakopa bila aibu, lakini analipa. Siku ya kwanza tunajifunza mwendo wa nyumba ile bila kujua kwamba tunafundishwa: taa inazimwa kabla ya mlango kufungwa, kifuniko kinarudi mahali pake, kila kitu kwa zamu. Siku ya pili viazi vinaachwa jikoni mpaka vinakuwa rojorojo. Ni viazi tu. Lakini mwanamke anazunguka na sufuria mkononi, chumba hadi chumba, hajui aiweke wapi, na aliyekaa hapo tangu mwanzo anashikwa na hofu ambayo hakuna mzimu wa sinema uliowahi kunitia. Anavimwaga, anakwenda kununua vingine, anakaa kumenya upya, na safari hii kisu kinabonyea kwenye kiazi kwa namna ambayo mtu aliyeruka mbele hawezi kuiona. Kile kiazi cha pili kina maana kwa sababu tulikubali kukaa na kile cha kwanza.

Geti la Mbezi halikuwahi kurudi. Sikumbuki filamu hata moja ambamo mlinzi yule alichelewa kufungua siku ya pili tukajua kuna jambo. Ingewezekana. Mlinzi ndiye anayejua nani anaingia saa ngapi na anatoka na nani. Hadithi nzima ya ndoa ya tajiri ingeweza kusimuliwa pale kibandani, kwa geti tu. Hakuna aliyefikiria hivyo, kwa kuwa geti lilitakiwa kujaza diski. Kwa hiyo kwa mwandishi wetu wa sebuleni najibu hivi: furaha ile ilikuwa ya kweli, ila walioitengeneza ni mama, dada na jirani. Mtengeneza filamu asipewe sifa ya mazungumzo ya watu wengine. Najua atanijibu toleo lijalo.

Urefu peke yake haujawahi kutukera watu wa pwani hii. Wazee waliokwenda Majestic ya Unguja au Naaz ya Mombasa walikaa saa tatu na filamu za Kihindi, wengi wao bila kujua Kihindi, wakatoka wakiimba. Na Wahindi wenyewe hawakuelewana. Mera Naam Joker ya Raj Kapoor, mwaka 1970, ilipita saa nne na ikahitaji mapumziko mawili. Watu waliikimbia, mwenyewe akabaki na madeni mpaka filamu yake ya Bobby ilipomwokoa mwaka 1973. Leo wapo wanaoapa kwamba ile ndiyo kazi yake kubwa. Sholay ilipoanza Agosti 1975 wahakiki waliipokea kwa ubaridi, kisha ikakaa zaidi ya miaka mitano katika ukumbi wa Minerva, Bombay. Mwenye kutoa hukumu wiki ya kwanza ana haki yake. Ajue tu kwamba rufaa ipo.

Makala iliyoleta kelele nyingi zaidi ofisini ni ya filamu ya nyumbani, na ndiyo iliyonifanya niandike neno refu kuliko kawaida. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ilioneshwa kwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar, jambo ambalo nchi ilikuwa haijalifanya tangu Maangamizi ya mwaka 2001. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, na riwaya hiyo imesomwa na wanafunzi wengi mno wa kidato cha tano na sita. Watu waliingia ukumbini na kitabu kizima kichwani. Walikuwa na Yasmin aliyeozwa akiwa binti mdogo kwa Raza aliyemzidi umri mara tatu, walikuwa na safari ya Mombasa, walikuwa na Bukheti, walikuwa na Koplo Matata na vituko vyake. Filamu ya takriban saa moja na nusu ikawapa Zanzibar ya usiku, rangi nzito, nyimbo, nyuso zinazotazamana muda mrefu, na maneno machache.

Mwandishi wetu anasema alipotezewa muda, na aliyemjibu anasema mwandishi huyo alikwenda kufanya mtihani wa fasihi badala ya kutazama filamu. Jibu hilo linachekesha, lakini si la haki. Msomaji wa riwaya ana dai halali: Shafi anasukuma hadithi kwa vitendo na mazungumzo, hata siasa yake inaingia kwa mkono wa utani, na anayetaka kuona utani huo kwenye kioo hajakosa adabu. Mimi nimeipenda filamu. Zile nyuso za kimya zinalipa, hasa pale Siti Amina, aliyecheza Mwajuma, anapoingia na uhai wake wote baada ya kimya cha wengine. Lakini nikiulizwa kama Denge, mwanaharakati wa riwaya, ananishawishi kwenye filamu kuwa ni mtu wa siasa, au ni kijana mzuri aliyebeba siasa kama koti, nitasita. Mwandishi amenionesha mahali pa kusitia, na hiyo ndiyo kazi ninayomlipia.

Wapo waliotupigia simu kabla hata hatujachapa, habari zikiwa zimeshavuja, wakatusihi tuiache makala hiyo. Filamu zetu bado changa, walisema. Tuwatie moyo vijana, mabaya tuyaseme chemba. Heshima yao nawapa, ushauri wao siuchukui. Tangu Bongo Movie ianze tumekuwa tukiwatia moyo, na geti likaendelea kufunguliwa. Aliyetengeneza filamu iliyofika Toronto ni mtu mzima katika kazi yake. Kumpigia makofi ya shule ya chekechea ndiko kumdharau. Na wenye fedha wanaposikia kila filamu ya nyumbani inasifiwa sawasawa, hawana sababu ya kumlipa anayejua zaidi ya asiyejua.

Juu ya wanaotazama kwenye simu sina mengi. Wanasema filamu "imenila bando", na bando ni fedha, kwa hiyo wana sababu ya kuwa wakali kuliko sisi wa enzi za ukumbi. Wanaoniudhi ni wale wanaosikiliza muhtasari wa dakika kumi, steringi keshashinda na adui keshazikwa, halafu wanakuja kutuandikia kwamba filamu haina kichwa wala miguu. Wamehukumu muhtasari.

Aliyeiacha filamu katikati, huyo tunampokea. Kuondoka ni uhakiki, tena wa gharama, maana tiketi hairudishwi. Sharti letu ni moja, na wahakiki wa toleo hili walilitimiza baada ya kunung'unika: ataje aliondoka dakika ya ngapi, na kwenye kioo kulikuwa na nini. Atakayesema alichoka tu, tutamrudishia barua yake. Atakayesema alichoka pale mgeni alipoletewa juisi ya tatu, tumemwachia nafasi ukurasa wa barua wa toleo lijalo, na mwandishi wa sebuleni ameshaniambia anamsubiri.