Gofu: Tiger Woods alishinda karibu yote, lakini Weusi bado ni wachache uwanjani

Tarehe 13 Aprili 1997, kijana wa miaka 21 alishinda mashindano ya Masters mjini Augusta, kusini mwa Marekani, akimwacha aliyemfuata kwa mapigo 12. Tiger Woods, ambaye baba yake ni Mmarekani Mweusi na mama yake ni wa Thailand, alishinda kwenye klabu iliyompokea mwanachama wake wa kwanza Mweusi mwaka 1990 tu. Wengi walisema kwamba vijana Weusi sasa wangemfuata kwa wingi. Zaidi ya robo karne imepita, na hilo halijatokea.

Kuhusu ushindi wake, hakuna ubishi. Ana mataji 15 makubwa, nyuma ya Jack Nicklaus mwenye 18. Ameshinda mara 82 katika mashindano ya PGA Tour, sawa na Sam Snead. Mwezi Juni 2000, huko Pebble Beach, alishinda US Open kwa tofauti ya mapigo 15. Alikaa wiki 683 akiwa nambari moja duniani.

Pia alibadilisha pesa za mchezo huu. Mwaka 1997 mshindi wa Masters alipata dola 486,000. Woods aliposhinda tena mwaka 2019, baada ya kashfa ya ndoa yake na upasuaji kadhaa wa mgongo, zawadi ilikuwa dola milioni 2.07. Watazamaji aliowaleta kwenye televisheni waliwatajirisha hata wapinzani wake.

Kwa nini basi Weusi hawakuongezeka? Zamani, wengi wao waliingia kwenye gofu kwa kazi ya kuwabebea matajiri mifuko ya fimbo. Ndivyo walivyoanza Charlie Sifford, aliyecheza wakati katiba ya chama cha PGA bado iliruhusu wazungu pekee, hadi 1961, na Lee Elder, Mweusi wa kwanza kucheza Masters, mwaka 1975. Kazi hiyo ilikuwa ya kudharauliwa, lakini iliwafikisha uwanjani bila kulipa. Baadaye vigari vidogo vilichukua nafasi ya wabebaji, na njia hiyo ikafungwa.

Leo mtoto anahitaji mwalimu, fimbo, ada ya uwanja na nauli ya kwenda kwenye mashindano ya vijana mwaka mzima. Hayo yote hulipwa na wazazi. Woods mwenyewe alijifunza akiwa na baba aliyestaafu jeshini, ambaye aliruhusiwa kutumia uwanja wa jeshi la wanamaji huko California. Kipaji chake kilikuwa cha pekee, lakini pia alipata mahali pa kuchezea. Baada yake, wachezaji kama Harold Varner III na Cameron Champ wamefika ngazi ya juu, lakini ni wa kuhesabika.

Hatuwezi kumlaumu Woods kwa hilo. Bingwa mmoja huwapa watoto hamu ya kucheza. Uwanja na nauli ni kazi ya klabu, vyama na wafadhili, ambao ndio waliovuna zaidi kutokana na jina lake. Watakaotaka kupima urithi wake wasiangalie makombe tu, bali pia nani anaingia uwanjani leo bila baba mwenye pesa.