Acheni Mzaha: Mwanafunzi Atatoa Wapi Uzoefu wa Miaka Miwili?

Haya jamani, leo nina hasira kidogo. Mtanisamehe.

Wiki iliyopita kijana mmoja anayesomea sayansi ya kompyuta, yuko mwaka wa pili, alinitumia tangazo la kazi kwa simu. Kampuni moja ya programu hapa Nairobi inatafuta mwanafunzi wa kufanya kibarua, saa kumi na tano kwa wiki. Nikafurahi. Nikashuka chini kwenye masharti. Awe bado anasoma chuoni, na awe na uzoefu wa miaka miwili katika kazi inayohusiana na hii.

Hebu tupige hesabu pamoja. Miaka miwili iliyopita kijana huyu alikuwa kidato cha nne, amevaa sare, anajiandaa kwa mtihani wa KCSE. Walitaka awe ameajiriwa wapi? Bwenini?

Aliniuliza swali moja tu: "Kaka, kama kila mtu anataka uzoefu, ule wa kwanza nitaupata kwa nani?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nimelifikiria wiki nzima, na msimamo wangu ni huu: mwanafunzi asiye na uzoefu kabisa ni nadra kumpata. Walio wengi ni waajiri wasiotaka kulipia mafunzo, na wanafunzi waliofundishwa kuonea haya kazi walizokwisha kufanya.

UZOEFU WANGU WA SAIBA

Mimi mwenyewe nilipokuwa mwaka wa pili nilizunguka na bahasha. Moi Avenue, Kimathi Street, mpaka Westlands, kila ofisi iliyokuwa na neno teknolojia mlangoni. Ndani ya bahasha mlikuwa na wasifu wa ukurasa mmoja, na nusu yake ilikuwa alama zangu za KCSE. Kila mapokezi wimbo ulikuwa mmoja: una uzoefu? Basi acha namba yako, tutakupigia. Hadi leo simu haijalia.

Mwishowe nikapata kibarua katika saiba moja karibu na chuo. Mama mwenye saiba hakuniuliza habari za uzoefu. Aliniuliza kama naweza kutoa karatasi iliyokwama kwenye printa, na kama nitaweza kufungua saa moja asubuhi siku ambazo sina darasa. Kazi ilikuwa kuchapisha, kujaza fomu za HELB, kuwafungulia watu akaunti za eCitizen, na kila mwezi wa sita kuhudumia foleni ya watu wanaokimbizana na tarehe 30 ili wawasilishe ritani zao za KRA. Aliyewahi kusimama nyuma ya kaunta tarehe 29 Juni anajua ninachosema.

Mama alikuwa na tatizo. Wateja wengine walilipa taslimu, wengine M-Pesa, na jioni hesabu hazikubaliani. Wajanja walionyesha ujumbe wa malipo ya jana na kuondoka na kazi ya leo. Nikamwandikia programu ndogo kwa Python. Kila kazi inaandikwa, bei yake, namna ilivyolipiwa, na namba ya muamala. Namba ikishatumika mara moja, programu inaikataa. Hifadhidata ilikuwa SQLite, faili moja tu. Sura yake ilikuwa mbaya, we acha tu!

Wiki ya kwanza umeme ukapotea saa tisa alasiri, na rekodi za tangu asubuhi zikaenda nao, kwa sababu nilikuwa nahifadhi mara moja tu, jioni. Mama alinigombeza mbele ya wateja. Siku hiyo ndiyo nilijifunza kuhifadhi kila rekodi papo hapo na kuweka nakala ya akiba. Darasani somo hilo nilikuwa nimelipita kwa alama nzuri bila kulielewa.

Sasa sikieni kichekesho. Nilipomaliza mwaka wa tatu niliandika wasifu mpya, na ile saiba nikaifuta. Mwenzangu mmoja aliniambia inanishusha hadhi, eti haihusiani na taaluma. Nikaenda mahojiano kadhaa mikono mitupu, nikarudi mikono mitupu. Yale yaliyonipa kazi, aliyenihoji aliniuliza hivi: nitajie kitu ulichotengeneza kikatumiwa na mtu asiye rafiki yako. Nikababaika, kisha nikamweleza ile programu ya Mama. Tukaongea karibu saa nzima. Umeme ukikatika inakuwaje? Mteja akisema amelipa na wewe hukuona malipo, utafanyaje? Alama zangu hakuziuliza.

Kwa hiyo nikiona maneno "uzoefu unaohusiana" nauliza, unahusiana na nini? Msichana anayeuza mitumba Gikomba kila Jumamosi na kuweka daftari la madeni anajua mambo ya bidhaa kuingia na kutoka kuliko aliyeandika programu ya duka kwa ajili ya alama na hajawahi kusimama dukani. Kijana aliyekaa kwenye kibanda cha M-Pesa anajua kinachotokea mtu akituma pesa kwa namba isiyo yake. Yule aliyesoma kitabuni tu hajui. Huu wote ni uzoefu. Unaitwa "usiohusiana" kwa sababu haukupatikana ofisini.

KAZI YA BURE SI MAFUNZO

Kuna kundi la pili la waajiri. Hawa hawadai uzoefu. Wanakukubali hivyo hivyo, mradi usidai pesa.

Wengi wetu tunaijua atachimenti. Chuo kinaidai ndipo uhitimu, kampuni inakupokea, wewe unajilipia nauli na chakula. Yangu ilikuwa miezi mitatu katika kampuni ambayo sitaitaja. Wiki mbili za kwanza nilitazama wengine wakifanya kazi, na hilo sina ugomvi nalo, nilikuwa najifunza. Kisha nikapewa nitengeneze kurasa za ripoti za mteja wao. Nikazitengeneza. Mteja akalipa. Najua alilipa kwa sababu ankara niliichapisha mimi! Nilichopata ni barua ya shukrani yenye mhuri.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Lakini tuache uchungu wangu, kuna jambo kubwa zaidi. Kazi ya bure haichagui mwanafunzi hodari. Inachagua mwanafunzi ambaye mzazi wake anaweza kumlipia nauli kila siku kutoka Kayole au Rongai kwa miezi mitatu bila kutikisika. Yule mwingine, ambaye pengine ana kichwa chepesi zaidi, anarudi kwenye saiba au mjengo atafute karo. Miaka miwili baadaye wote wawili wanaomba kazi moja. Mmoja ana "uzoefu", mwingine hana. Halafu tunasema aliyeshinda alistahili!

NAJUA MTASEMA NINI

Mtasema, wewe hujui gharama ya kumfundisha mtu. Najua sana. Siku hizi niko upande wa pili wa meza, napitia kazi za wanaoanza. Mwezi wa kwanza wa mwanafunzi ni hasara. Nimewahi kupoteza alasiri nzima kurekebisha kitu ambacho mwenyewe ningekifanya kwa dakika ishirini. Hilo silikatai.

Wala si kampuni ndogo tu zinazoiogopa hasara hiyo. Andela, iliyojulikana kwa kuwafundisha vijana wanaoanza, ilitangaza Septemba 2019 kwamba inaachana na mamia ya waundaji programu wachanga Nigeria, Uganda na Kenya, kwa sababu wateja walitaka wazoefu. Tangu ChatGPT ilipokuja Novemba 2022 kumeongezeka kisingizio kingine, kwamba kazi ya mwanafunzi sasa itafanywa na mashine.

Basi nijibuni. Mnataka wazoefu, hao wazoefu wa mwaka 2035 watatoka wapi? Mashine itakuandikia msimbo, sawa. Nani atakayejua kwamba umekosewa? Atajua yule ambaye zamani aliruhusiwa kukosea mwenyewe, akagombezwa, akarekebisha. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kila mzoefu mnayemgombania leo alikuwa hasara ya mtu fulani kwa mwezi mmoja au miwili. Mnataka kuvuna tu, kupanda wapande wengine.

Na kuhusu gharama, tusidanganyane. Waajiri wanatozwa ushuru wa mafunzo wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na NITA ina utaratibu wa kuwarudishia sehemu ya gharama za mafunzo iliyoyaidhinisha. Je, kampuni yako imewahi hata kuuliza?

Siombi sadaka. Naomba mambo matatu. Kwanza, futeni ule mstari wa miaka miwili kwenye matangazo ya wanafunzi. Badala yake mpeni mwombaji kazi ndogo ya saa moja, mwone anavyofikiri. Pili, mpeni kazi zenye mipaka, yaani kujaribu programu na kuandika hitilafu alizoona, kusafisha data, kuandika maelezo ya matumizi, kutafsiri kurasa kwa Kiswahili. Kazi hizo zipo katika kila kampuni, na kila mtu huzikimbia. Tatu, mlipeni. Hata iwe kidogo, ilipwe kwa saa, na ijulikane tangu siku ya kwanza.

NA WEWE MWANAFUNZI

Usidhani nimekusahau. Hasira yangu haitakulipia kodi ya nyumba, kwa hiyo sikiliza.

1. Andika kazi zako zote kwenye wasifu, hata ya saiba, hata ya duka la mjomba. Usiandike tu kwamba ulikuwa mhudumu. Andika ulikuta tatizo gani, ukafanya nini, kikabadilika nini.

2. Tatua tatizo la mtu mmoja aliye karibu nawe. Chama cha mama yako, kanisa, kinyozi. Safaricom ilipofungua Daraja mwaka 2017 iliweka pia uwanja wa majaribio ambapo unaweza kuunganisha programu yako na M-Pesa kwa pesa za kuigiza, bila kulipa hata senti. Aliyeonyesha programu inayotumiwa na watu kumi ana hoja kuliko mwenye vyeti kumi vya kozi za mtandaoni.

3. Ingia kwenye programu huria. Google Summer of Code, iliyoanza 2005, huwapa posho wanaochangia miradi hiyo, na tangu 2022 milango iko wazi kwa wanaoanza wenye umri wa miaka 18 na zaidi, hata wasio wanafunzi. Outreachy nayo hulipa. Anza kwa kurekebisha maelezo yaliyokosewa, usingoje mpaka uwe bingwa.

4. Makubaliano yawe kwa maandishi. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe. Hata ukiwa wa mwezi mmoja, omba barua pepe yenye saa, malipo, ruhusa ya wiki za mitihani, na ruhusa ya kuonyesha kazi uliyofanya.

5. Usilipe pesa ili upewe kazi. Anayekuambia utume ada ya usajili kwa M-Pesa kabla ya mahojiano ni mwizi. Hata akivaa tai.

TUREJEE KWA YULE KIJANA

Nilimpigia simu Jumapili. Nikamwuliza, kweli huna uzoefu wowote? Akasema hana. Nikamwuliza, Jumamosi huwa unafanya nini? Akacheka. Akasema kila mwisho wa mwezi yeye husoma mita za maji za ploti ya shangazi yake, nyumba ishirini na nne, kisha anaingiza kwenye Excel na kuwatumia wapangaji bili zao. Amefanya hivyo tangu amalize shule. Wapangaji wakibisha, anawaonyesha hesabu za miezi iliyopita.

Nikanyamaza kidogo. Nikamwambia, ndugu yangu, unakusanya data, unaihakiki, unatoa ripoti, na unajibu malalamiko ya wateja ishirini na wanne. Halafu unaniambia huna uzoefu?

Ameliandika hilo kwenye maombi yake na kuyatuma Jumatatu. Hawajamjibu. Kama wenye tangazo lile mnasoma hapa, barua yake iko kwenu. Msimpe kazi kwa huruma. Mwiteni, mwulizeni alifanyaje siku mita ilipoharibika na mpangaji akakataa kulipa, kisha mwamue.

Na wewe msomaji, kibarua chako cha kwanza kilikuwa kipi? Nani alikuamini kabla hujawa mtu? Niandikie. Wanafunzi wanasoma.