Safari Tunayoichagua Wenyewe

Leo tunataka kusema juu ya kinga, yaani baiskeli. Si ile ya kubeba majerikani ya maji au mukene kutoka mwaloni. Tunasema juu ya mtu kufunga blanketi na sufuria nyuma ya baiskeli, akaenda siku nyingi peke yake, aone nchi.

Wengine watacheka. Ati mkimbizi ana kodi ya nyumba na karo ya wadogo zake, halafu unamletea habari ya matembezi? Hayo si ni mambo ya wazungu wenye pasipoti nzuri? Hapana. Hata boda boda zilianza na baiskeli, kule Busia, zikivusha watu kati ya Kenya na Uganda. Baiskeli ni yetu siku nyingi. Kitu ambacho hatujapewa ni ruhusa ya kuipanda bila mzigo.

Na sisi tunaihitaji kuliko wengine. Safari kubwa ya kwanza ya maisha yetu hatukuichagua. Tulitoka usiku, tukafuata migongo ya watu, hatukuangalia milima, tuliangalia nyuma. Tangu hapo mwili unajua kwamba njia ndefu ni hatari. Ndiyo maana kuna kijana ana miaka minane Kampala na hajawahi kuona Masaka. Kwenda mbali kwa kupenda, ukaamua mwenyewe wapi pa kusimama na wapi pa kulala, halafu ukarudi nyumbani salama, ni kuufundisha mwili kitu kipya. Hiyo si anasa.

Mwaka 2023, kijana wa Guinea anayeitwa Mamadou Safayou Barry, miaka 25, alipanda baiskeli kwenda Misri, akitafuta nafasi ya kusoma chuo cha Al-Azhar. Peke yake, karibu kilomita 4,000, kupitia Mali, Burkina Faso, Togo, Benin na Niger hadi Chad. Njiani alizuiliwa mara tatu. Alipofika Chad, vita vya Sudan vilikuwa vimefunga njia, watu wema wakamlipia ndege. Chuo kikampokea na kumlipia masomo. Angalieni: miguu haikumshinda. Vilivyomzuia ni vita na watu wa vizuizi. Sisi vitu hivyo tunavijua.

Kwa hiyo tuseme na juu ya karatasi. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 26, unazungumzia uhuru wa kutembea ndani ya nchi iliyokupokea. Kifungu cha 28 kinazungumzia hati ya safari. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 nayo inatambua uhuru huo, pamoja na mipaka yake. Lakini wangapi kati yetu wameelezwa hivyo? Mtu akisimamishwa barabarani na kadi yake mkononi, anatetemeka kama mwizi, kwa sababu hajui kadi inamruhusu nini. Na ndugu zetu walioandikishwa kwenye makazi kama Nakivale wanatakiwa kuomba kibali kabla ya kutoka. Hilo lisemwe wazi, mtu asiingie matatani.

Ndugu wa mashirika, ombi letu ni dogo. Mnatukalisha kwenye viti vya plastiki, kwa duara, tuongee juu ya majeraha ya moyo. Inasaidia, tunashukuru. Lakini sehemu ya bajeti hiyo iende kwa baiskeli chache za kuazimana, pampu, taa, na mafunzo ya kuziba pancha. Leteni mwanasheria atueleze kadi zetu. Na msichana akiomba baiskeli, msimuulize atabeba nini.

Vijana, tuanze karibu. Kayabwe, pale mstari wa ikweta unapokata barabara ya Masaka, ni karibu kilomita 75 kutoka Kampala. Ukiendelea utapita mabwawa ya mafunjo ya Lwera, halafu Masaka, halafu nchi kavu ya Lyantonde na ng'ombe wenye pembe ndefu. Karibu na Sanga unaweza kuona punda milia ukiwa barabarani tu. Mpaka Mbarara ni karibu kilomita 270, siku nne bila haraka. Malori ya barabara hiyo hayana huruma: kaa pembeni, usiendeshe usiku, beba kadi yako, na mwambie mtu nyumbani utalala wapi.

Uganda tuliijia kwa kukimbia. Tunaweza kuijua kwa mwendo mwingine. Nani yuko tayari kwa Kayabwe?