Ugomvi wa shamba si kipengele cha pembeni

Hoja kwamba filamu ya Kikorea The Witch: Part 2. The Other One (2022), ya mwongozaji Park Hoon-jung, inapoteza muda kwa ugomvi wa shamba badala ya kuonyesha wasichana wenye nguvu za ajabu wakipigana, haina mashiko. Msichana aliyetoroka maabara, anayeigizwa na Shin Si-ah, hana hata jina. Dukani anabugia vyakula vya kuonja kama mtu aliyenyimwa chakula tangu azaliwe. Anayempa makao ni Kyung-hee, binti anayeandamwa na mkuu wa genge anayeitaka ardhi ambayo binti huyo aliachiwa na baba yake. Bila shamba hilo, nguvu za msichana hazina cha kulinda.

Mtazamaji wa Kitale au Bungoma haoni hapo mchepuko wowote. Huko kwao, mgogoro wa ardhi ya Chepyuk, Mlima Elgon, ulizaa umwagaji damu wa 2006 hadi 2008. Kifungu cha 60 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka ubaguzi wa kijinsia katika ardhi ukomeshwe, lakini mabinti wengi bado husukumwa nje ya urithi na jamaa zao wenyewe.