Baiskeli ya Mwenye Mwili Mzito

Juma hili twataka kuzungumza nanyi habari za baiskeli, chombo ambacho hapa Katanga wengi hukiita kinga. Hatusemi na vijana wembamba, maana hao huchukuliwa na baiskeli yo yote. Twasema na baba mwenye kilo 100 au zaidi, na mama mwenye mwili kama huo, wakaao Annexe na kwenda kazini au sokoni kila siku. Hao ndio wapatao hasara, na mara nyingi hasara hiyo huanzia katika haya: mnunuzi hapendi kutaja uzito wake, wala mwuzaji hathubutu kumwuliza.

Annexe huuzunguka mji wa Lubumbashi, na njia zake nyingi ni za udongo mwekundu. Wakati wa kiangazi ni vumbi na mashimo. Wakati wa mvua ni matope. Mtu atokaye Kisanga, Kalebuka au Luwowoshi aijua vema nauli ya kwenda mjini na kurudi, jinsi ilavyo mshahara kidogo kidogo. Baiskeli njema huiokoa fedha hiyo. Baiskeli mbaya huila mara mbili, kwanza dukani, kisha kwa fundi, na pengine fedha hiyo ilikuwa imewekwa kwa sare na madaftari ya watoto.

Basi, mwenye mwili mzito atazame nini? Wengi hutazama rangi, kisha huhesabu giya. Sisi twasema: tazama kwanza gurudumu la nyuma. Tufanye hesabu. Mtu ana kilo 110, baiskeli ina kilo 18, jumla 128. Akiisha kuketi, karibu sehemu 3 katika 5 za uzito huo hukaa juu ya gurudumu la nyuma, yaani kilo 77 hivi. Akifunga unga wa kilo 15 nyuma yake, gurudumu hilo moja lachukua kilo 90 na zaidi. Na katika kila shimo lapata kishindo kipitacho hesabu hiyo.

Uzito huo huchukuliwa na njiti za gurudumu, ambazo wengine huziita spoki. Njiti zilizokazwa sawasawa husaidiana. Zikilegea, huchezacheza kila gurudumu lizungukapo, na mwisho wake hukatika penye pindo, pale ziingiapo katika kitovu cha gurudumu. Ikikatika moja, jirani zake hubeba mzigo wake, nazo hufuata. Waingereza walioziunda baiskeli za kazi zamani walilijua jambo hili: walitia njiti 32 mbele na 40 nyuma. Siku hizi 36 ni hesabu ya kawaida, nayo yafaa, mradi njiti ziwe nene na zimekazwa na fundi ajuaye kazi yake. Mwenye mwili mzito asipokee pungufu ya hizo nyuma.

Kwa sababu hiyo twawaonya juu ya baiskeli za mashindano zilizokwisha kutumika, ziletwazo kutoka Ulaya. Ni nyepesi, zang'aa, na bei yake pengine huvutia. Lakini nyingi zina njiti chache, na tairi zake zina upana wa milimita 23 au 25 tu. Tena mara nyingi fremu yake haina nafasi ya kutia tairi nene. Tairi ya baiskeli ya kazi, ile ya inchi 28 kwa 1½, ina milimita 40 hivi. Upana huo huilinda rimu katika mashimo. Tazameni pia namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi: 635 na 622 zote huitwa inchi 28, lakini moja haiingii mahali pa nyingine. Ulizeni kwanza ni ipi ipatikanayo sokoni kwenu.

Na fremu je? Watazameni wachukuzi wa makala, yaani makaa ya kupikia, waingiapo mjini kutoka porini wakisukuma baiskeli zilizofunikwa na magunia. Hawachagui fremu nyepesi. Huchagua chuma, nao huongeza vyuma vingine ili kuitia nguvu. Chuma kizuri hupinda kabla ya kuvunjika, na kikipata ufa, fundi wa kulehemu aweza kukitengeneza. Alumini si dhaifu ikiundwa vema, lakini kuilehemu kwataka vyombo na ujuzi ambao si kila fundi anao. Mkiwa na shaka, chukueni sumaku ndogo: hushika chuma, haishiki alumini.

Lakini chuma kina mahali pake. Rimu ya chuma yenye kung'aa ikilowa maji, breki za mpira huteleza juu yake, na mtu mzito ashukapo mlima wakati wa mvua husimama akiwa amechelewa. Kwa hiyo iliyo bora ni fremu ya chuma na rimu za alumini nene. Asiyeipata apunguze mwendo mapema, mvua inaponyesha.

Kabla ya kutoa fedha, fanyeni mambo manne. Inueni gurudumu la nyuma na kulizungusha. Lisiyumbe kati ya breki. Bonyezeni njiti mbili mbili kwa vidole. Zote ziwe ngumu sawasawa. Simameni juu ya fremu, miguu chini. Pawe na nafasi ya vidole viwili au zaidi chini yenu. Mwisho, ketini na kuendesha, mkazikamate breki kwa nguvu. Mwuzaji akikataa jambo hilo, nendeni kwa mwingine.

Na baiskeli ikiwa mpya, irudisheni kwa fundi baada ya majuma mawili au matatu azikaze njiti, kwa maana njiti mpya hulegea zikiisha kubeba uzito. Kazi hiyo ni ya muda mfupi, na gharama yake ni ndogo kuliko gurudumu jipya.

Kilo za mtu si aibu. Ni hesabu tu, kama urefu wa mguu wakati wa kununua kiatu. Mtajieni mwuzaji uzito wenu pamoja na mzigo mtakaochukua. Nanyi wanafunzi mjuao kujumlisha, fanyeni hesabu hiyo pamoja na baba nyumbani, kabla fedha haijatoka mkononi mwake.