Fulana ya Risasi: Tusiuziwe Mfuko Mtupu



Bawabu mmoja wa zamu ya usiku kutoka Lavington alifika ofisini kwetu na fulana nyeusi aliyopewa kazini. Kwa macho ilikuwa safi sana: mifuko mingi, mikanda mabegani, na maandishi meupe mgongoni. Alisema msimamizi wake alimwambia kwamba inazuia risasi, naye alitaka tumhakikishie. Tulifungua utepe wa kando tukaingiza mkono. Ndani tulitoa sponji, kama ile ya godoro, imekatwa kwa kisu ikafuata umbo la kifua. Ndugu yetu alikuwa ameivaa miezi minne. Alituambia kwamba mara mbili alikwenda mbele hadi langoni usiku aliposikia kelele, kwa sababu alijiona amekingwa.

Jambo hili limetukasirisha, na ndiyo sababu tunaliandikia ukurasa huu.

Kwanza yafaa kila mtu ajue kwamba fulana ya risasi ni vitu viwili. Kuna mfuko wa nje, yaani kitambaa chenye mikanda unachovaa mwilini, na kuna bamba linalotiwa ndani yake. Bamba ndilo linalozuia risasi. Mfuko kazi yake ni kulibeba tu, na kulishika mahali pake juu ya moyo na mapafu. Mfuko peke yake hauna nguvu kuliko koti la mvua. Lakini mfuko ni rahisi kununua na bamba ni ghali, basi tajiri asiyetaka gharama hununua mfuko akanyamaza. Mteja akipita langoni huona bawabu aliyevaa kama askari wa vita, hulipa ada yake akiwa ameridhika. Anayedanganywa zaidi ni yule aliye ndani ya fulana.

Wako watakaosema kwamba bawabu wa Nairobi hana haja ya vitu hivi. Tunawajibu kwa tarehe. Tarehe 7 Agosti 1998, walinzi waliokuwa nyuma ya ubalozi wa Marekani, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie Avenue, walikataa kufungulia gari lililobeba bomu. Watu 213 walikufa katika mji huu siku hiyo. Tarehe 21 Septemba 2013 watu wenye bunduki waliingia Westgate, Westlands, wakaua watu 67. Tarehe 15 Januari 2019 walifika DusitD2, Riverside, wakaua 21. Mahali kama hapo anayekutwa kwanza ni mtu wa langoni mwenye rungu na redio. Hatusemi kwamba fulana ingezuia bomu la 1998. Hakuna nguo ya kuzuia kitu kama kile. Lakini bunduki ni jambo jingine. Na tukiacha hayo makubwa, bastola za wanyang'anyi zinajulikana na kila mtu anayelinda duka la River Road au anayesindikiza fedha za benki.

Sasa, mtu achague namna gani?

Aanze na bamba, mfuko baadaye. Bamba ni la namna mbili. Laini limetengenezwa kwa tabaka nyingi za nyuzi ngumu, nalo huzuia risasi za bastola. Gumu ni la kauri, la plastiki iliyoshindiliwa, au la chuma, nalo huzuia risasi za bunduki. Bamba laini halizuii risasi ya AK-47, hata ukivaa mawili. Tena, bamba la risasi si lazima lizuie kisu. Kuna fulana zilizopimwa kwa visu, na hizo zina alama zao. Bamba la chuma ni rahisi kwa bei, lakini ni zito, na risasi ikilipiga huvunjika vipande vinavyoweza kuruka hadi shingoni na usoni. Sisi hatulipendi, ila kama limepakwa utando mzito wa kushika vipande hivyo.

Bamba la haki lina karatasi au chapa iliyobandikwa juu yake lenyewe: jina la mtengenezaji, namba yake, mwezi na mwaka lilipotengenezwa, upande wa kuelekea risasi, na daraja. Wengi hufuata vipimo vya NIJ, idara ya serikali ya Marekani. Katika vipimo vya zamani IIIA ni ya bastola, III na IV ni za bunduki. Tangu mwisho wa 2023 vimeandikwa upya: HG ni za bastola, RF ni za bunduki. Ukiona alama mojawapo kati ya hizo usishangae, zote mbili bado ziko sokoni. Watengenezaji wengi huipa bamba laini dhamana ya miaka mitano. Lenye umri wa miaka kumi, lililolowa na kukauka juani mara nyingi, lisikubaliwe hata likitolewa bure.

Ukishapata bamba, ndipo utafute mfuko unaolitosha. Hapa ndugu zetu wengi hukosea, kwa kuwa hununua mfuko kwanza kwa uzuri wake. Bamba gumu la kawaida lina upana wa sentimita 25 na urefu wa 30 hivi. Likicheza ndani ya mfuko, siku utakayokimbia litashuka tumboni na kuuacha moyo wazi. Ukivaa, ukingo wa juu ufike pale chini ya koo panapobonyea, na ukingo wa chini uishie juu kidogo ya kitovu, ili uweze kuketi. Inama, keti, inua mikono yote miwili. Ukishindwa kufunga kamba ya kiatu, mfuko huo si wako.

Kitambaa kiwe nailoni nzito. Geuza mfuko nje ndani utazame mishono ya mabegani na ya mshipi, maana uzito wote hukaa hapo. Uzi uwe umepitishwa mara nyingi mahali pamoja. Vuta utepe wa kunata: usiwe wa kuachia baada ya kufunguliwa mara ishirini. Pia mfuko uweze kutolewa bamba na kufuliwa. Hili si jambo la urembo. Katika kazi zetu fulana moja huvuliwa na mtu wa mchana saa kumi na mbili jioni, ikavaliwa na wa usiku ikiwa bado imelowa jasho, na upele umeenea namna hiyo.

Kwa ajili ya hayo tuna shauri. Kila mtu apewe mfuko wake mwenyewe, wa kipimo chake, na bamba gumu lipokezanwe zamu kwa zamu. Mabamba ndiyo gharama kubwa; mifuko haifiki hapo. Lakini bamba laini hukatwa kufuata mwili, kwa hiyo halipokezwi hovyo, hasa kwa akina dada wanaopekua mikoba milangoni, ambao mara nyingi hupewa fulana ya mwanamume inayowabana kifuani na kupwaya kiunoni.

Mifuko midogo ya kupachika mbele, nembo na vishikio visivyo na kazi msivilipie. Madoadoa ya kijeshi msiyaguse kabisa. Raia akikutwa nayo mjini atakuwa na kesi. Tena asije mtu akanunua bamba la uchochoroni kwa fedha zake bila kwanza kuuliza Bodi ya Leseni za Silaha.

Na kwa nini alinunue? Anayetoka Kangemi au Kawangware kwa miguu ili aokoe nauli hawezi kuambiwa ajinunulie kinga ya kulindia mali ya mwingine. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humwajibisha mwajiri juu ya usalama wa mfanyakazi wake, wala haimruhusu kumtoza kwa vitu anavyotakiwa kutoa. Tumeona karatasi za mshahara ambamo "fulana" imekatwa miezi mitatu mfululizo. Wenye karatasi hizo wazilete.

Usiku huu, kabla ya kuanza zamu, fungua mfuko wa fulana uliyopewa. Toa kilicho ndani. Andika namba, daraja na mwaka, au andika kwamba hakuna chapa. Mpe mwakilishi wako. Yule ndugu wa Lavington ametuachia sponji yake, nayo iko juu ya meza ya ofisi. Tutakwenda nayo kwa mwajiri wake.