Kondomu inayobana na inayopwaya: kwa nini saizi ni sehemu ya kinga

Babati ni njia panda. Barabara za Arusha, Dodoma na Singida zinakutana hapa, na kila tukizungumzia Ukimwi redioni, swali ni lile lile: "Mbona nilivaa, na bado ikapasuka?"

Wengi hulaumu ubora. Ni kweli hutokea: Novemba 2019, kondomu za Life Guard ziliondolewa sokoni nchini Uganda baada ya baadhi kukutwa na matundu. Lakini ipo sababu nyingine tunayoionea haya kuitaja, nayo ni saizi.

Mwaka 2018, aliyekuwa Waziri wa Afya wa Zimbabwe, David Parirenyatwa, alilalamika hadharani kwamba kondomu kutoka China ni ndogo kwa baadhi ya wanaume. Watu walicheka. Lakini utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha wanaume 436, ulionyesha kuwa waliovaa kondomu zisizowatosha vizuri walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kupasukiwa au kuchomokewa.

Inayobana huvutika kupita kiasi. Mvaaji akikereka, huivua kabla ya kumaliza, au hupaka mafuta ya alizeti au ya mgando, ambayo huharibu mpira. Inayopwaya huteleza na kubaki ndani.

Kondomu nyingi za bure zina upana wa milimita 53 zikilazwa bapa. Zipo pia za 49. Kwa hiyo anayebanwa hapewi chaguo, na mwishowe huacha kabisa. Tunadhani wanaoagiza kondomu wanapaswa kulitazama hili: elimu ya "vaa kondomu" haikamiliki kama inayopatikana haimtoshi mvaaji.

Wakati tukisubiri, soma upana kwenye boksi unaponunua, na jaribu aina nyingine ikikubana au kupwaya. Tumia kilainishi cha maji, si mafuta. Usivae mbili kwa pamoja. Uliza pia kondomu ya kike. Hiyo haitegemei saizi ya mwanaume.

Na ikipasuka au kuchomoka, msikae kimya. Nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba ndani ya siku 5.